Gari la Washenga

"Weka four-wheel!" Mzee Murungi alifoka kwa mara ya saba.

"Nimeweka, mzee," akajibu Misheck, dereva wake. "Mbele ndiyo imekataa."

Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha matope mekundu hadi kwenye migomba ya watu. Yale ya mbele yakatulia tuli kama wageni waliokuja kula tu. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya kijani ya four-wheel ilipepesa, ikapepesa, ikakataa katakata kusimama.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kilima cha juu ya Karurumo kilikuwa kimenyeshewa usiku kucha, na huko juu kulikuwa na boma la Waembu lililowangoja kwa mazungumzo ya mahari. Gari lilibeba wazee wanne, mablanketi na mtungi wa asali. Mugambi, kijana mwenyewe anayetaka kuoa, alikuwa nyuma sokoni na akina mama, wakitafuta pikipiki za kuwapandisha.

Washenga wakifika baada ya saa sita, wanapigwa faini ya mbuzi. Mbuzi si hoja. Hoja ni kwamba Murungi alikuwa ameapa, mbele ya mashahidi, kwamba Waembu wakimpiga faini atageuza gari arudi kwao Kinoru. Yeye ndiye baba mkubwa wa kijana na msemaji wa ukoo. Bila yeye hakuna ndoa, na Mugambi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwenye duka la kando ya barabara aliwahurumia, akapiga simu. "Fundi anakuja. Yuko hapo tu juu."

Punde pikipiki ikateremka kilimani, ikamshusha msichana aliyevaa ovaroli na gambuti. Kichwani alikuwa na kofia ya kuogea, na pembeni mwa kofia zilichungulia nywele zilizosukwa juzi au jana.

Murungi alimtazama juu hadi chini. "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee. Na tufanye haraka, niko na shughuli kabla ya saa sita."

Murungi akamvuta Misheck kando. "Wamemtuma huyu atucheleweshe. Waembu mimi nawajua."

Msichana hakuuliza wanatoka wapi wala wanaenda wapi. Alitandika gunia, akajipenyeza chini ya gari, akamwambia Misheck aachie klachi polepole.

"Propela ya mbele, hii chuma ndefu, inazunguka," sauti ikatoka chini. "Gearbox iko sawa. Ni ile kitu ya kuunganisha ekseli haishiki."

"Hapo atakaa mpaka jioni," Murungi akanung'unika.

Msichana alichomoa mpira mwembamba uliotoka kwenye injini, akatia mdomo upande wa ekseli, akanyonya kama mtu anayemaliza soda. Klak! Kitu kikaingia mahali pake. Akaziba kwa ulimi, akangoja. Hakikuachia.

"Hii ni nzima," akasema akijipangusa mdomo. "Injini inafaa kuinyonya hivyo. Kuna mahali mpira inavuja."

Akafungua boneti, akainama kuufuata mpira sentimita kwa sentimita. Murungi alisimama mgongoni mwake na saa mkononi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Huyu msichana tunaenda kuulizia, nasikia ni wa kazi ya town. Mimi kwanza nitaangalia mikono. Nikipata ni laini kama maandazi, nanyamaza tu, waongee wenyewe. Sisi ni watu wa kazi."

"Na kama si laini, mzee?" akauliza Misheck.

"Huko town? Haiwezekani."

Msichana akakohoa kidogo. Nyuma ya betri, pale mpira ulipoegemea bomba la moto, ulikuwa umepasuka. Alikata kipande kibovu kwa wembe, akaziba pengo kwa kipande alichokata kwenye mpira wa maji ya kuoshea kioo. Wembe ukateleza, ukamchana kidole gumba. Hakulia. Alitamka neno moja la Kiembu ambalo Murungi, Mmeru halisi, alilielewa vizuri sana.

Mzee alijishangaa kujikuta amepiga magoti matopeni na suti yake ya harusi za watu, akikifunga kile kidole kwa tepu ya bluu ya nyaya.

"Washa," msichana akamwambia Misheck.

Taa ya kijani ikapepesa mara mbili, ikasimama. Magurudumu yote manne yakauma udongo, gari likapanda likinguruma. Murungi alipogeuka amshukuru, msichana alikuwa tayari amerukia pikipiki.

"Tutaonana, baba!"

Walifika saa sita kasorobo. Kumbe hakutumwa kuwachelewesha! Murungi aliona haya kidogo, akayameza.

Mugambi na akina mama wakafika, nyimbo zikaimbwa langoni. Kisha, kama ilivyo desturi, wakatolewa wasichana sita waliofunikwa leso gubigubi, utosini hadi miguuni. Mugambi amchague wake. Akikosea, ni faini, na aibu ya kusimuliwa miaka.

Kijana alizunguka mara ya kwanza, akazunguka tena. Wote urefu mmoja, wote kimya. Jasho likamtiririka. Akaanza kunyoosha mkono kwa wa pili.

Murungi hakuwa akitazama urefu. Alikuwa akitafuta mikono, kama alivyoahidi, na yote ilikuwa imefichwa ndani ya leso. Yote, isipokuwa kidole gumba kimoja kilichochungulia kwa wa nne, kimefungwa tepu ya bluu.

Akamshika Mugambi shati kwa nyuma.

"Wa nne," akanong'ona. "Na wakiongeza mbuzi wa mahari, mtu wetu yeyote asibishane."