Chai ya Kumaliza Mambo

Wazee wa familia mbili walikutana sebuleni kwa kina Siwema ili mambo yaishe kimyakimya. Jirani aliyembaka Siwema alikuwa kainamisha kichwa, anatafuna sambusa.

"Tukishakunywa chai hii, yamekwisha," alisema Shomvi, ami yake Siwema. "Na wewe, mwanangu, ulipita kwake jioni peke yako ukitegemea nini?"

"Kufika nyumbani, ami."

Siwema aliimwaga chai yake yote kwenye sinia, akakifudikiza kikombe. "Mimi naenda polisi."

"Utatuaibisha!" alifoka Shomvi.

"Aibu si yangu, ni ya huyo anayekula."

Bibi yake, ambaye hakuwahi kubishana na wanaume wa nyumba ile, alikiinua kikombe chake kilichojaa. Sebule nzima ikautazama mkono wake ukiimwaga chai yote kwenye sinia.