Mshumaa wa Safari ya Madrid

Dalinda aliwasha mshumaa mnene mara tu ndege iliponguruma juu ya paa lao, huko Pifo, nje kidogo ya Quito.

"Mshumaa au mguu wa ng'ombe huo?" aliuliza mama mkwe wake, Doña Zoila.

"Madrid si kwa jirani, mama. Karibu kilomita elfu tisa. Saa kumi na moja hewani, na chini ni bahari tu."

"Umepima kwa futi yako ya kushonea?"

Walicheka, ingawa macho ya Doña Zoila yalikuwa mekundu tangu alfajiri. Dalinda alimhurumia. Kumuaga mtoto wa pekee si mchezo.

Ndiyo desturi ya nyumba ile: ndege ikiruka, mshumaa huwaka mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Ukizimwa mapema, ndege huanguka. Ukiachwa uwake baada ya ndege kutua, roho ya msafiri hubaki ikitangatanga mawinguni. Kwa hilo Doña Zoila hakuwa na masihara. Mwaka jana, kila Fausto, mume wa Dalinda, aliporuka safari fupi ya ndani ya nchi kwenda Manta, kule pwani kwenye joto, kujenga hoteli, mama yake aliikodolea macho saa ya ukutani. Viazi vya supu vilikuwa havijaiva, naye ameshauzima mshumaa.

Safari hii ilikuwa nyingine. Fausto aliapa kwamba ikifika Pasaka atawaita Madrid, Dalinda na mtoto wao. Alikataa tu kusindikizwa. "Machozi ya uwanja wa ndege yana mkosi," alisema.

Dalinda aliinjika viazi, akapiga magoti kando ya mama mkwe, wakaanza rozari. Ghafla macho yake yakaangukia msumari wa mlangoni.

"Koti! Mama, amesahau koti! Na Madrid Januari hii ni baridi ya kukata mifupa!"

"Hatakufa kwa baridi. Sali."

Walisali. Katikati ya Salamu Maria, sauti ya Doña Zoila ilikatika. Akalia.

"Usimlilie, mama. Mungu yupo."

"Nakulilia wewe, binti yangu."

"Mimi? Mimi si namfuata Pasaka!" Dalinda akambusu kwenye paji la uso.

Doña Zoila aliitazama saa. Akaitazama sanamu ya Bikira kwa muda, kama mtu aliyeomba ruhusa akanyimwa. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akalamba vidole viwili, akaubana utambi. Moshi ukapanda. Mshumaa ulikuwa haujapungua hata upana wa kidole.

"Mama! Umemwangusha baharini!"

"Hajaanguka," Doña Zoila alisema bila kugeuka. "Ametua salama."

Dalinda alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akachoma kiazi kwa uma.

Kilikuwa bado kigumu.