Joho la Wakili Korongo

Wanyama walipoacha kuumana wakaanza kushtakiana, Ngiri alihamia kwenye shimo la Bi Muhanga na kukataa kutoka. Bi Muhanga, aliyekuwa na mtoto mchanga, akamwajiri Wakili Korongo.

"Lala usingizi, mama," Korongo akamwambia. "Kesi hii imekwisha."

Kweli ikaisha. Iliitwa mara tatu, na mara zote tatu Korongo alikuwa mtoni akivua samaki. Shimo akapewa Ngiri.

Bi Muhanga akamshtaki wakili wake kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Siku hiyo Korongo alifika kabla hata viti havijapangwa, joho limepigwa pasi, majalada kwapani. Alisimama kwa mguu mmoja akajitetea tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alitaja vifungu vya sheria kwa namba, akaleta mashahidi kumi na wawili, mpaka wajumbe wengine wakafuta machozi.

"Nilizidiwa, waheshimiwa," akamaliza. "Kazi hii ni ngumu, nami uwezo wangu mdogo."

Bi Muhanga aliduwaa. "Jamani, kumbe anajua kusema! Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia."

Mwenyekiti, Bi Kanga, akafunga jalada. "Asingejua, tungemrudisha shule," alisema kwa upole. "Lakini anajua. Vua joho, baba. Na tutaomba kesi ya shimo isikilizwe upya, kwa wakili mwingine."

Korongo akainamisha shingo. "Naweza kukata rufaa?"

"Kata," akasema Bi Kanga. "Hiyo tunajua hutachelewa."