Gamba la Bi Sikitu

Wee, wamemfunga gamba la kobe mgongoni! Bi Sikitu, mama wa watu, yumo bwawani hadi kifuani, anaokota samaki waliokufa na kuwatia kikapuni. Juzijuzi mji mzima uliua kobe wa maji wote, eti wanachafua maji ya kunywa. Yeye tu ndiye aliyewakataza: “Jamani, hao ndio wanaokula mizoga!” Wakamcheka. Leo bwawa linanuka, wamemgeukia yeye.

“Si unawapenda? Fanya kazi yao basi. Kula, kobe!” alipiga kelele Mwenyekiti Masumbuko, watu wakashangilia.

Bi Sikitu akachukua samaki mmoja aliyevimba, akamng'ata huku akimkazia macho mwenyekiti. Vicheko vikakatika. Sasa anatoka majini anatafuna, kikapu kimejaa, anawafuata awalishe na wao, akianza na mwenyekiti. Atakayelishwa wa pili nitakutajia kesho.