Sahani ya Getini

Siku hizi mwenye gari la umeme hulala nalo peke yake, maana likiachwa bila mlinzi huibwa betri. Betri zikiwaka haziulizi nani yumo ndani, na bima ya nyumba inayolaza gari na familia pamoja haishikiki. Ndiyo maana Mshamu, dereva wa teksi hapa Tanga, anaishi kwenye banda la kuchajia ng'ambo ya uwanja, na mkewe Mwanahamisi amebaki nyumbani na binti yao, Shani.

Kila Ramadhani Shani humpelekea baba yake futari. Huiweka sahani chini, nje ya geti la banda, hupiga hodi, kisha hutimua mbio, kama alivyofundishwa tangu udogoni. Kesho yake Mshamu huirudisha sahani ikiwa na tende, maana ni aibu kurudisha sahani ya watu tupu.

Mwaka huu upweke ulimshinda. Akaliuza gari, akavaa kanzu, akavuka uwanja jua likizama.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mume wangu!" Mwanahamisi aliitikia kutoka jikoni. "Shani, mfungulie baba yako!"

Geti likafunguka kidogo. Shani akamtazama baba yake, akainama, akaweka sahani ya tambi miguuni pake, akalifunga tena.

"Mama, nimeshampa!" alisema, huku akikimbilia ndani.

Mshamu akaiokota sahani, akapapasa mfuko wa kanzu. Hakubeba tende. Alidhani anakwenda kwake.