Siafu Walioyang'ata Mafuriko

Hebu fikirini, wanangu: mafuriko yamezunguka kichuguu, na juu yake Mama Panya amekumbatia wanawe huku maji yakizidi kupanda.

Jeshi la siafu likaja mbio kuwaokoa. “Ng'ateni!” akaamuru Jemadari. Askari wa mbele wakayang'ata maji, wakasombwa hadi kwenye matete.

“Maji hayana ngozi, Jemadari!” Mama Panya akapaza sauti.

“Sisi tumefunzwa kung'ata tu, mama.”

“Basi ng'ataneni miguu, mfanye daraja!”

Siafu wakashikana mpaka kichuguuni. Panya mdogo akasita. “Mama, hawatatuuma?”

“Kwa midomo ipi, mwanangu? Yote ina kazi.”

Wakavuka wakicheka. Nawaomba mkumbuke: maji yakija, askari hodari ni yule aliyemshika mwenzake.