Glovu za Mtu wa Bredauni

Gari jekundu lilisimama tena ubavuni mwa Mwinjuma, kwenye taa zile zile, siku ya tatu mfululizo. Kijana aliyeliendesha akateremsha kioo na kungurumisha injini.

"Mzee, hilo gari au jiko la mkaa? Twende tuone nani atawahi konani!"

Mguu wa Mwinjuma ukamwasha kukanyaga mafuta. Mkewe akamshika goti.

"Baba Rehani, achana naye. Jirani yetu jana si alikubali? Sasa amelazwa, mguu una plasta."

"Na anaapa kwamba huyu kijana alipunguza mwendo kabla ya kona," Mwinjuma akasema. "Kwa nini apunguze, na alikuwa anashinda?"

Taa ilipowaka kijani, gari jekundu lilichomoka kama mshale. Mwinjuma akalifuata polepole. Karibu na kona akaliona likipunguza mwendo, likageuza, likarudi lilikotoka.

Baada ya kona, pembeni mwa barabara, ilikuwapo bredauni ya kuvuta magari mabovu, ndoano yake imeshateremshwa. Hapakuwa na gari lililoharibika wala ajali yoyote. Dereva wake alisimama kando, amevaa glovu, akiwatazama wanavyokuja. Walipompita salama, akazivua taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Huyu anamsubiri nani?" mkewe akauliza.

Kabla Mwinjuma hajajibu, kule nyuma kwenye taa injini mbili zilinguruma kwa pamoja. Akatazama kioo cha pembeni. Mtu wa bredauni alikuwa anavaa glovu zake tena.